Adui Hupigwa Akiwa Buu

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo kuhusu mabuu wa wadudu na minyoo, yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya vijiji katika Kaunti ya Kwale.



Kila mara dawa za minyoo zinapogawanywa, kuna swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa mlangoni. Mzazi husema, "Mwaka jana mtoto alimeza dawa. Mwaka huu mnasema ana minyoo tena. Basi ile dawa ilikuwa ya nini?" Swali hili si ukaidi. Ni swali la haki, na anayeuliza anastahili jibu kamili. Asipopewa jibu hufanya uamuzi wake mwenyewe, na mara nyingine uamuzi huo ni kufunga mlango mhudumu anaporudi.

Jibu lenyewe ni fupi. Dawa ilifanya kazi yake na minyoo waliokuwemo wakafa. Wanaoonekana leo ni wengine, wameingia baadaye. Minyoo wa safura hawaongezeki ndani ya tumbo la mtu kama kuku wanavyoongezeka bandani. Mayai yao hutoka na kinyesi, huanguliwa nje, na watoto wao hulazimika kutafuta njia ya kuingia upya. Minyoo wa kichocho na wa matende nao wana sharti kama hilo: hakuna mtoto wao anayeweza kukomaa kabla hajapita kwanza nje ya mwili wa binadamu. Kwa hivyo mtu mwenye minyoo 50 wa safura tumboni amevamiwa mara 50, na kila mvamizi aliingia akiwa mchanga, akitoka nje.

Huyo mchanga ndiye mazungumzo haya yanamhusu. Jina lake ni buu. Wataalamu humwita lava, na akiwa wa mbu wengi humwita kiluwiluwi. Dawa humfuata mnyoo mkubwa ndani ya mwili. Buu hufuatwa na nani? Hapo ndipo kazi ya kijiji inapoanzia, kwa sababu buu haishi zahanati. Anaishi kwenye pipa la maji, kwenye mchanga ulio nyuma ya nyumba, kwenye lambo na kwenye vumbi la sakafu.

Buu ni nani?

Wanyama wengi wanaofahamika hapa huzaliwa wakifanana na wazazi wao. Mwanambuzi ni mbuzi mdogo, na kifaranga ni kuku asiye na manyoya ya kutosha. Buu hafanani na mzazi wake hata kidogo. Kiluwiluwi hana mabawa, hana miguu na hafyonzi damu. Anayemtazama kwenye maji bila kufundishwa hawezi kubahatisha kwamba siku chache baadaye atakuwa mbu anayelia sikioni.

Tofauti hii ina faida kwa mdudu. Mtoto na mzazi hawagombei chakula. Kiluwiluwi hula vijidudu na vijimimea vidogo mno vilivyomo majini, huku mama yake akitafuta utomvu wa maua na damu. Mmoja amepewa kazi ya kula na kukua, mwingine amepewa kazi ya kuruka, kujamiiana na kutaga. Katikati ya maisha hayo mawili kuna hatua ya pupa. Humo mwili wa buu huvunjwa na kuundwa upya kuwa mdudu kamili. Wanafunzi hufundishwa jambo hili shuleni kwa jina la metamofosisi.

Minyoo hawapiti hatua ya pupa. Jamaa ya minyoo wa mviringo, ambamo wamo safura na matende, hukua kwa kujivua ngozi mara nne. Buu wa kwanza hujivua akawa wa pili, wa pili akawa wa tatu, hadi akomae. Aliye muhimu kwa mwananchi ni buu wa hatua ya tatu. Huyo ndiye anayeweza kuingia kwa binadamu. Kabla ya hapo hana uwezo huo.

Mabuu wa magonjwa yanayosumbua kaunti hii wanaweza kugawanywa katika makundi mawili yanayokumbukwa kwa urahisi: kuna mabuu wanaokula na kuna mabuu wanaosubiri. Anayekula hukomeshwa kwa kunyimwa chakula na makao, au kwa kutegewa katika chakula chake. Anayesubiri hali chochote. Anaishi kwa akiba aliyobeba, na akiba hiyo ina mwisho. Huyo hukomeshwa kwa kufungiwa mlango hadi muda wake uishe.

Mabuu wanaokula: mbu na funza

Mbu jike wa malaria hutaga mayai yake moja moja juu ya maji, na kwa kawaida huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Kiluwiluwi hujivua ngozi mara kadhaa akiendelea kunenepa, kisha huwa pupa aliyejipinda mfano wa alama ya mkato, na hatimaye mbu hupasua ganda na kuruka. Katika joto la Pwani safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya siku 7 na 14. Katika siku hizo zote hawezi kutoka majini, na maji yakimwagwa juu ya ardhi kavu, anakufa.

Kila mwananchi anaweza kutambua aina ya viluwiluwi bila darubini. Mbu wengi huacha viluwiluwi wao wakining'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu wana mrija wa kupumulia nyuma ya mwili. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hana mrija huo, kwa hivyo hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Mhudumu wa afya akichota maji kwa kikombe cheupe na kuwaona waliolala hivyo, amepata habari kubwa kabla mtu yeyote hajaanza kutetemeka kwa homa.

Mahali pa kuwatafuta panatofautiana. Mbu wa malaria hupendelea maji yaliyo wazi kwa jua: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe kando ya lambo, mashimo ya kuchimba mchanga, mashamba ya mpunga. Mbu wa nyumbani, ambaye katika Pwani ni mmoja wa wanaoeneza matende, hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo, mashimo ya maji taka na mitaro iliyoziba. Yule mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hutafuta maji yaliyotuama katika vyombo: mapipa, mitungi isiyofunikwa, matairi makuukuu, na vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jikoni. Mayai ya huyu wa mwisho yana ujanja wa ziada. Yanaweza kukauka ukutani mwa chombo kwa miezi kadhaa na bado yakaanguliwa mvua inaponyesha. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa ndani, mayai yang'oke.

Kwa maji yasiyoweza kumwagwa, kuna mtego wa chakula. Mwaka wa 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, watafiti waligundua bakteria ambaye kiluwiluwi akimla, tumbo lake huharibika na kufa. Dawa iliyotokana naye hujulikana kwa kifupi kama Bti, na hutumika katika nchi nyingi. Haimdhuru binadamu, ng'ombe wala samaki. Lakini ina sharti moja linalotokana na maumbile ya buu mwenyewe: lazima iliwe. Pupa hali, kwa hivyo dawa hii haimfanyi kitu. Ikiwekwa kwa kuchelewa, viluwiluwi wengi wakiwa wamekwisha kuwa pupa, mbu wataruka na watu watasema dawa ni bandia. Kosa litakuwa la kalenda tu.

Funza naye ni wa kundi hili. Wengi wanamjua akiwa kidoleni. Anayetoboa ngozi na kukaa humo ni jike. Huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, na kupitia kitundu kidogo alichokiacha hudondosha mayai sakafuni. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na mabuu huishi ndani ya vumbi na mchanga wa nyumba, wakila uchafu mdogo mdogo uliomo. Kisha hujifunga katika kifuko kilichogandiwa na chembe za mchanga, na baada ya wiki tatu au nne tangu yai kudondoka, funza mpya yuko tayari kuruka.

Maana yake ni kwamba kumtoa mtoto funza kisha kumlaza kwenye sakafu ile ile ni kazi isiyokwisha. Walio miguuni ni wachache kuliko walio vumbini. Tena kumcheka au kumtenga mtoto mwenye funza hakumsaidii yeyote. Ugonjwa huu si laana wala si uvivu. Ni suala la sakafu. Sakafu ikinyunyiziwa maji na kufagiliwa kila siku, na ikiwezekana kukandikwa au kusakafiwa kwa saruji, buu hukosa chakula na makao kwa pamoja.

Mabuu wanaosubiri: safura, kichocho na matende

Mnyoo jike wa safura hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mtu akienda haja kichakani, mayai hayo hukutana na kitu wanachokihitaji: mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, kama ule ulio chini ya minazi na mikorosho. Siku moja au mbili baadaye mabuu huanguliwa. Mwanzoni hula bakteria waliomo kinyesini na ardhini. Baada ya siku 5 hadi 10, wakiwa wamejivua ngozi mara mbili, hufika hatua ya tatu, na hapo mdomo hufungwa. Hawali tena. Hubaki wamevaa ngozi yao kuukuu kama koti, hupanda juu penye unyevu na kusubiri mguu upite.

Mguu mtupu ukikanyaga hapo, buu hupenya ngozi. Mwenyewe anaweza kuhisi mwasho mdogo tu kati ya vidole. Kisha buu husafiri katika damu, hupita moyoni na kufika mapafuni, hupanda koo, humezwa, na mwisho hufika kwenye utumbo ambako hujishikiza na kuanza kunywa damu. Ilichukua muda mrefu kwa wanasayansi kuamini safari hii. Mwaka wa 1898, mtafiti Mjerumani Arthur Looss alikuwa akifanya kazi Cairo, Misri, pale maji yenye mabuu wa safura yalipomdondokea mkononi. Ngozi iliwasha na kuwa nyekundu. Baada ya wiki kadhaa akakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mnyoo huyu hahitaji kuliwa ili aingie. Ngozi inamtosha.

Athari zake hazina kelele. Mtoto hupauka, huchoka, husinzia darasani na kuonekana mzito wa masomo. Mama mjamzito hupungukiwa damu wakati ambao yeye na mtoto wanaihitaji zaidi. Hakuna anayeanguka ghafla, na kwa sababu hiyo familia nyingi huzoea.

Lakini buu huyu ana udhaifu mkubwa. Kwa kuwa hali, maisha yake yamepimwa. Katika mazingira mazuri huishi kama wiki tatu au nne. Jua kali na ukavu humuua mapema zaidi. Kijiji ambacho watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanatumia vyoo, hakimwongezi mabuu wapya mchangani, na waliomo hawana muda mrefu. Viatu, hata kandambili, hupunguza njia ya kuingilia. Nao minyoo wakubwa waliomo tumboni hawaishi milele. Wengi hutoka baada ya mwaka mmoja au miwili hata bila dawa. Wasipopata wa kuwarithi, ukoo wao umekatika.

Buu wa kichocho ana saa fupi zaidi. Mtu mwenye kichocho akikojoa ndani ya maji au kandokando ya lambo, mayai hukutana na maji baridi na kuanguliwa. Buu wa kwanza haraka humtafuta konokono wa majini wa aina maalum, na ana saa chache tu za kumpata. Asipompata, hufa. Akimpata, huingia na kuzaana humo, na wiki chache baadaye konokono huyo mmoja anaweza kutoa maelfu ya mabuu wa aina ya pili. Hawa wana mkia uliogawanyika kama uma, na huogelea wakitafuta ngozi ya binadamu. Hawana chakula ila akiba waliyotoka nayo. Huishi kwa siku moja hadi mbili. Wa kichocho cha mkojo, kinachopatikana Pwani, hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita mchana. Wakati huo ndio watoto wanarukaruka lamboni na akina mama wanafua.

Kutokana na saa hiyo fupi kuna mafunzo mawili. La kwanza, maji ya lambo yaliyochotwa na kuwekwa ndani ya chombo kwa siku mbili kamili, bila konokono ndani, hayawezi tena kumwambukiza anayeogea, kwa kuwa mabuu waliokuwemo wamekwisha kufa. Chombo hicho kifunikwe, kisije kikawa shamba la viluwiluwi. Kwa kunywa, maji bado yachemshwe au yatiwe dawa. La pili, mtoto mmoja akizoea kwenda haja ndogo mbali na maji, mayai yake yanakosa maji na mabuu wanakosa konokono.

Jambo moja lazima lisemwe wazi hapa. Mvulana anayekojoa damu hajabaleghe kwa sababu hiyo, wala si dalili ya uanaume. Ni mgonjwa. Akiachwa miaka mingi, kibofu na figo zake vinaweza kuharibika, na kichocho cha muda mrefu kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake, mayai hujeruhi sehemu za uzazi, na dalili zake zinaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Anayeona dalili hizi aende zahanati bila haya. Dawa ya kichocho huua minyoo waliokomaa, lakini wachanga waliotoka kuingia karibuni haiwapati vyema. Kwa hivyo anayetibiwa leo akarudi lamboni kesho asishangae kuambiwa atibiwe tena.

Matende yana buu anayesubiri mahali pa ajabu zaidi, ndani ya mbu. Mnyoo mkubwa wa matende huishi katika mishipa ya maji ya mwili kwa miaka 6 hadi 8 na kumwaga mamilioni ya vitoto katika damu. Vitoto hivyo haviwezi kukomaa ndani ya mtu aliyevizaa. Vingi hujitokeza katika damu ya juu usiku wa manane, saa ambazo mbu wa nyumbani wanauma. Daktari Patrick Manson aligundua uhusiano huu na mbu mwaka wa 1877 akiwa mji wa Amoy, nchini China. Mbu akifyonza damu yenye vitoto hivyo, huingia katika misuli yake na kukua hadi hatua ya tatu kwa muda wa siku 10 hadi 14. Kisha husogea hadi mdomoni, na mbu anapouma, buu hutoka na kuingia kupitia tundu la jeraha.

Hesabu iliyopo hapa inafaa kukumbukwa. Mbu lazima aishi angalau siku hizo 10 baada ya kumuuma mgonjwa, la sivyo hana madhara ya matende. Wengi hufa kabla. Zaidi ya hayo, ndani ya mbu buu haongezeki. Kikiingia kitoto kimoja, atatoka buu mmoja au asitoke yeyote. Kwa sababu hiyo mtu hupata matende baada ya kuumwa mara nyingi kwa muda mrefu. Neti inayotundikwa kila usiku hupunguza mara hizo, na mtaro uliozibuliwa hupunguza mbu. Ugawaji wa dawa za matende kwa umma ulianza nchini Kenya mwaka wa 2002 katika eneo la Kilifi, na lengo lake kuu ni kusafisha damu ya kila mtu ili mbu akiuma asikute kitu. Anayekataa dawa kwa sababu haoni uvimbe anaweza kuwa ndiye anayemlisha mbu wa jirani yake.

Ushahidi uliotoka hapa Kwale

Je, inatosha kuwapa dawa wanafunzi peke yao? Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika, kwa sababu shuleni watoto wako pamoja. Swali hilo lilipimwa katika kaunti hii kupitia utafiti uliojulikana kama TUMIKIA kati ya mwaka wa 2015 na 2017, na matokeo yake yakachapishwa 2019. Katika maeneo ambako watoto pekee walipewa dawa kila mwaka, walioambukizwa safura walishuka kutoka karibu watu 19 katika kila 100 hadi karibu 14. Ambako kila mtu alipewa dawa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka karibu 18 hadi 8. Na ambako kila mtu alipewa mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka karibu 21 hadi 6.

Maelezo yake yako katika maisha ya buu. Safura huwapata watu wazima sawasawa na watoto, na mara nyingi zaidi. Mtoto akitibiwa na babake asitibiwe, mchanga wa nyuma ya nyumba unaendelea kupokea mayai, na ndani ya siku 10 mabuu wako tayari tena kwa mguu wa mtoto yule yule. Mzazi anayeuliza kwa nini minyoo wanarudi huenda amewabeba yeye mwenyewe bila kujua. Hili halisemwi ili kumlaumu mtu. Linasemwa ili mhudumu akifika na dawa, baba naye anyooshe mkono.

Ambako buu alishindwa

Wapo watakaosema kwamba vita dhidi ya viumbe wadogo hivi haviwezi kushindwa. Historia inaonyesha vinginevyo.

Mwaka wa 1930 mbu wa malaria kutoka Afrika, hatari kuliko wa kule, alionekana katika mji wa Natal nchini Brazili. Kufikia 1938 malaria kali ilikuwa imezuka kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Serikali ya Brazili na Wakfu wa Rockefeller, chini ya Fred Soper, waliajiri vikosi vya watu waliotembea nyumba kwa nyumba na dimbwi kwa dimbwi kila wiki wakiwatafuta viluwiluwi. Kufikia 1940 mbu huyo alikuwa ametokomezwa kule. Sumu waliyotumia majini ilikuwa kali, na leo kuna dawa salama zaidi. Kilichowashindia vita ni utaratibu wa kurudi kila wiki.

Mfano wa pili unaihusu Kenya. Mnyoo wa Guinea huingia kwa mtu anayekunywa maji yenye vidudu vidogo vilivyomeza buu wake. Mwaka mmoja baadaye mnyoo wa urefu wa hadi mita moja hutokea mguuni kwa maumivu makali. Hakuna chanjo wala dawa ya kumuua. Mwaka wa 1986 watu waliougua walikadiriwa kufikia milioni 3.5. Mwaka wa 2023 walioripotiwa duniani kote walikuwa 14. Silaha ilikuwa kitambaa cha kuchujia maji, pamoja na kumzuia mgonjwa asitie mguu wake kisimani ili mabuu wasimwagike humo. Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa huru na mnyoo huyu mwaka wa 2018.

Kazi ya kila boma

Yaliyozungumzwa yanaweza kufupishwa katika ratiba ya nyumbani. Kila siku, sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiliwa, watoto wavae viatu wanapokwenda chooni na shambani, na kila mtu alale ndani ya neti. Kila wiki, familia ichague siku moja, iwe Ijumaa asubuhi au Jumamosi, na kuzunguka boma: vifuu vikusanywe na kuchomwa au kufukiwa, mapipa yasuguliwe na kufunikwa, matairi yatobolewe au yaondolewe, na mtaro uzibuliwe. Wiki moja imechaguliwa kwa sababu viluwiluwi wengi hawajawahi kuwa mbu kabla haijaisha. Kila msimu dawa zinapoletwa, watu wote wanaostahili wameze pamoja. Mama mjamzito na mgonjwa wamuulize muuguzi kwanza.

Na boma lisilo na choo lianze kuchimba kabla ya mvua. Hakuna dawa, neti wala semina inayoweza kujaza pengo la choo, kwa kuwa choo kinachotumika ni kaburi la mabuu wa safura kabla hawajaona mchanga. Wazee wa vijiji wanaombwa kuwasaidia wajane, wazee na walemavu ambao hawana nguvu za kuchimba. Mayai kutoka boma lisilo na choo hayaulizi mpaka wa shamba uko wapi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mbu akisharuka, anatafutwa katika anga nzima. Minyoo wakishakuwa tumboni, wameanza kunywa damu ya mtoto. Lakini kiluwiluwi hawezi kuliacha pipa, buu wa safura hawezi kuongeza siku zake, na wa kichocho hana chakula cha kumfikisha keshokutwa. Kwa siku hizo chache wako mahali ambapo jembe, fagio na kifuniko vinaweza kuwafikia.

Mzazi atakayeuliza tena kwa nini minyoo wamerudi ajibiwe kwa upole, kisha atembezwe nyuma ya nyumba yake na aonyeshwe wanakotoka.